Medali ya Babu ni Halisi au Feki? Kutatua Mashaka, Dalili kwa Dalili

Maswali kuhusu medali na vifaa vya zamani vya jeshi hujirudia, awe anayeuliza yuko Kisumu, Kakamega, Bungoma au Nakuru. Ukingo hauna jina. Fedha imegeuka nyeusi. Utepe unang'aa kama umenunuliwa jana. Jirani amesema ni feki, broka naye amesema ni mali ya kutajirisha ukoo mzima, na kati yao hakuna aliyepima chochote.

Kwamba vitu hivi hupatikana huku si ajabu. King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee waliliita Keya, iliundwa mwaka 1902 na ikaandikisha vijana wengi wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa. Wajerumani waliingia Kisii mwaka 1914, wakapigana na Keya hapo tarehe 12 Septemba. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa vitani Burma. Na kuanzia 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani mashamba ya nyanda za juu, kwa hiyo nyumba kuukuu za walowezi upande wa Nakuru zilibaki na vitu vyao pia. Vitu halisi vipo. Feki nazo zipo. Kinachozitenganisha ni vipimo, wala si hadithi inayoambatana nazo.

Kabla ya kugusa chochote

Risasi ambayo haijapigwa, guruneti, kombora, au chuma chochote kilichofukuliwa ambacho hukitambui: usikiinue, usikigonge, usikioshe. Rudi ulikopitia, zuia watoto, weka alama kwa mbali, kisha piga 999 au 112. Umri hauondoi hatari. Kiwashio kilicholiwa na kutu kinaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Bunduki au bastola, hata iliyooza, iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Waite polisi waifuate hapo ilipo, usipande nayo matatu kuipeleka kituoni. Mwongozo huu hauhusu vitu hivyo.

Kwa medali, beji, vifungo na singe (kisu cha kuchomeka kwenye mtutu wa bunduki), utahitaji kalipa, yaani kifaa cha kupimia upana na unene, inayosoma sehemu ya kumi ya milimita au ndogo zaidi, mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kioo cha kukuza mara 10, sumaku ndogo, tochi ya kukagulia noti, na simu yenye kamera safi.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: usisugue. Stilwuli, majivu, ndimu, mchanga na polishi ya brasi vimeharibu medali nyingi kuliko vita vyenyewe. Ule utando wa rangi juu ya chuma ni ushahidi wa umri wake, na maandishi ya ukingoni yamo kwenye tabaka jembamba sana. Ukishaliondoa halirudi, na bei hushuka nalo.

Dalili: ukingo hauna jina

Jibu la swali hili huwa jema kuliko watu wanavyodhani. Sababu inayotokea zaidi ni kwamba medali ilitolewa hivyo hivyo. Zile za Vita vya Pili walizopewa askari wa Uingereza na wa Afrika Mashariki, yaani 1939–45 Star, Africa Star, Burma Star, Defence Medal na War Medal 1939–45, hazikuandikwa jina. Babu aliipokea tupu. Kinyume chake, ukiona nyota ya aina hiyo yenye jina lililogongwa vizuri nyuma, usikimbilie kuiita feki. Afrika Kusini iliandika majina ya wanajeshi wake, na majeshi yake yalipita Kenya mwaka 1940 na 1941 yakielekea kupigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia.

Medali za Vita vya Kwanza ni habari nyingine. British War Medal na Victory Medal zilitakiwa kuwa na namba, cheo, jina na kikosi ukingoni, na 1914–15 Star iliandikwa mgongoni. Kama hakuna kitu, sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kusuguliwa kwa miaka mingi. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, ilaze karibu sambamba na ukingo, kisha zungusha medali polepole mbele ya kamera. Herufi zilizofifia hutoa kivuli ambacho jicho halikioni mchana. Piga picha robo moja ya mzunguko kwa wakati.

Vivuli visipoonekana, pima. Medali hizi mbili zina kipenyo cha milimita 36. Weka kalipa sehemu sita tofauti kuzunguka ukingo na uandike kila kipimo. Zikitofautiana kidogo tu, chini ya milimita 0.1, ukingo haujaguswa na faili. Ikiwa kipimo kimoja kimepungua milimita 0.3 au zaidi, na hapo pamelala bapa au pana mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, jina limeondolewa kwa makusudi. Medali hiyo bado ni halisi kama chuma, lakini imepoteza mwenyewe, na wakusanyaji huilipia kidogo.

Ukingo ukiwa mzima, kipenyo kikiwa sawa na jina likiwa halijawahi kuwapo, shuku nakala. Nenda kwenye dalili ya picha iliyofifia hapa chini kabla hujalipa hata shilingi.

Dalili: jina lipo, lakini halionekani sawa

Hapa ndipo pa kukaa na kioo cha kukuza kwa utulivu, kwa sababu ukingo husema mengi kuliko upande wenye sura ya mfalme.

Herufi iliyogongwa kwa chuma cha muhuri ina sakafu bapa. Kingo zake zimevimba kidogo mahali chuma kilisukumwa, na kina chake ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa herufi. Uchafu mweusi wa miaka umejikusanya chini kabisa. Herufi iliyochongwa kwa mkono ina umbo la mfereji wenye ncha chini, na mara nyingi mkia mwembamba pale kisu kilipoingia au kutoka. Maandishi ya leza ni ya juu juu, kijivu, yote ya kina sawasawa kama yamechapishwa, na hayana uchafu wa zamani ndani. Medali za Vita vya Kwanza za askari wa kawaida ziligongwa. Ukiona mifereji au leza, jina limewekwa baadaye.

Lakini tahajia ya ajabu peke yake si kosa. Hiyo ndiyo sababu inayoongoza ya medali halisi kukataliwa na familia yenyewe. Karani aliandika jina kama alivyolisikia: R ikageuka L, Ng' ikapoteza king'ong'o, jina la baba likaachwa, majina mawili yakaunganishwa. Linganisha namba ya askari kwanza, jina baadaye. Kama kuna karatasi yoyote ya kuachishwa kazi nyumbani, namba ndiyo inayopaswa kulingana.

Sababu ya pili ni medali iliyofutwa jina na kuandikwa jina lingine. Kipimo cha kalipa sehemu sita kitakuonyesha. Sababu ya tatu ni kikosi ambacho hakikuwapo. Kenya Regiment iliundwa mwaka 1937. Medali ya Vita vya Kwanza yenye jina la kikosi hicho haiwezi kuwa sahihi, hata herufi ziwe nzuri namna gani.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, orodha za waliopewa medali zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew: mafungu ya WO 329 kwa Vita vya Kwanza, WO 100 kwa kampeni za mapema, na kadi za WO 372. Kwa waliofariki vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha unayoweza kutafuta bila malipo, wakiwemo waliozikwa Gilgil. Kukosa kumbukumbu za utumishi si ushahidi dhidi ya medali: sehemu kubwa ya kumbukumbu za askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza iliteketea London kwa bomu mwaka 1940, na Waafrika wengi waliotumika kama wapagazi hawakupata medali kabisa. Familia ambayo babu yake alibeba mizigo ya Kariokor (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) na hana nishani haijaibiwa sanduku, hakupewa tu. Hilo lilikuwa dhuluma, na lisifichwe kwa kununua medali ya mtu mwingine na kumtungia historia.

Dalili: rangi au uzito hauingii akilini

Nyeusi au kahawia ya moshi juu ya fedha ni hali ya kawaida kabisa. Hewa ina salfa, na jikoni la kuni lina zaidi. Weusi wa namna hii hutulia kwenye mabonde ya picha na kuacha vilele vikiwa vyeupe. Iache.

Manjano inayochungulia kwenye vilele, kama pua ya mfalme au ukingo, ndiyo ya kutisha. Hapo fedha ni ya kuchovya na chini yake ni brasi. Hata hivyo kumbuka kwamba British War Medal ya bronzi ilikuwapo kweli. Ilitolewa kwa vikosi kadhaa vya vibarua, wakiwemo Wachina, Wahindi na Wamalta. Bronzi yote, ndani na nje, si ufeki. Brasi iliyojificha chini ya ngozi ya fedha ni ufeki.

Sumaku ikishika medali ya fedha, ya bronzi, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, umemaliza kazi: hapana. Isiposhika hujathibitisha kitu, kwa sababu brasi, risasi (yale madini mazito, si ya bunduki) na zinki nazo hazishikwi.

Kipimo cha kweli ni uzani kwa ujazo, na wanunuzi wa dhahabu wa Kakamega na Migori wanakifahamu vizuri. Ondoa utepe kwanza, kama haujashonewa kwenye ubao wa seti. Pima medali kavu na uandike gramu. Weka kikombe kidogo cha maji juu ya mizani. Jumla isizidi uwezo wake, ambao kwa mizani mingi ya mfukoni ni gramu 200. Rudisha mizani kwenye sufuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, tikisa uzi kidogo ili mapovu yatoke, kisha soma. Gawanya namba ya kwanza kwa hiyo ya pili.

Tuseme medali kavu ina gramu 30.60. Mizani ikisoma 2.94 medali ikiwa majini, jibu ni 10.4, na hiyo ndiyo fedha ya kiwango cha 925 iliyotumika kwa British War Medal. Ikisoma 3.44 utapata 8.9, mchanganyiko wa shaba na nikeli au bronzi. Ikisoma 3.60 utapata 8.5, brasi. Jibu la karibu na 7 ni zinki au bati, vyuma vya nakala za bei rahisi. Jibu la juu ya 11 linaonyesha risasi ndani. Rudia mara tatu. Mapovu yaliyonaswa nyuma ya kishikio hushusha jibu la fedha halisi, na huo ndio mkosi unaowakuta wengi.

War Medal 1939–45 na Defence Medal za askari wa Keya hazikuwa fedha. Ni shaba na nikeli. Mtu akikuuzia kwa bei ya fedha, amekosea yeye au anakukosesha wewe.

Usikubali sonara atone asidi. Tone moja ukingoni huacha doa la kudumu. Kama kuna mnunuzi wa dhahabu mwenye mashine ya eksirei ya kusoma madini, hiyo haiachi alama, na ni bora mara mia.

Dalili: picha imefifia au ina vishimo

Kuna kufifia kwa aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakofanya kitu halisi kitupwe. Medali iliyovaliwa na kusuguliwa hulika kwenye vilele tu: shavu la mfalme, goti la mpanda farasi, herufi zilizo karibu na ukingo. Mabonde hubaki makali. Medali iliyosubiwa kwenye kalibu hufifia kila mahali kwa kiwango kimoja, kilele na bonde, kama sabuni iliyotumika. Zaidi ya hapo hutoa vishimo vidogo vya hewa uwandani, na wakati mwingine mstari wa muungano unaozunguka ukingo, au alama za faili mahali mstari huo ulipoondolewa.

Halafu pima. Chuma kinapopoa ndani ya kalibu hujikunja asilimia moja hadi mbili, kwa hiyo nakala ya medali ya milimita 36 huwa 35.3 hadi 35.6. Nyota za Vita vya Pili zina urefu wa milimita 44 na upana wa 38. Nakala za kusubu hupungua hapo pia. Kagua nyuma ya nyota kwa kioo. Nakala halali za kisasa hugongwa alama ya nakala, na walaghai huifuta kwa faili. Utaona sehemu ndogo bapa yenye mng'ao usiolingana na kwingine.

Angalia kishikio pia. Kwenye British War Medal ni baa iliyonyooka isiyozunguka. Ikizunguka, imevunjika na kuchomelewa, au haikuwa yake. Victory Medal huning'inia kwa pete.

Dalili: utepe ni mpya mno

Mara nyingi utepe umebadilishwa tu. Hariri na pamba huoza kwa jasho na mende, na askari mwenyewe aliruhusiwa kuweka mwingine. Utepe mpya kwenye medali ya kale haubatilishi medali.

Elekeza tochi ya noti kwenye utepe gizani. Mng'ao mkali wa samawati unaonyesha nyuzi za kisasa, au utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa kuwa sabuni hizo zina kemikali ya kung'arisha. Usihukumu kwa mng'ao peke yake. Chomoa uzi mmoja kutoka upande wa ndani, ushike kwa kibanio mbali na utepe, uuchome: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Upana wa utepe wa nyingi ya medali hizi ni milimita 32, ila wa Victory Medal ni karibu 39.

Kosa linaloonekana zaidi ni tepe kubadilishana. Ya British War Medal ina chungwa pana katikati, na pembeni nyeupe, nyeusi na buluu. Ya Victory Medal ni rangi za upinde wa mvua zilizokutana katikati. Africa Star ni rangi ya mchanga yenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya buluu nzito na buluu nyepesi.

Dalili: seti haipatani

Wauzaji hupenda kuunganisha. Medali tano halisi zinaweza kuwa seti feki, na hapa kalipa haisaidii. Historia ndiyo inayosaidia.

Mfalme na kampeni lazima vikubaliane. Africa General Service Medal ilitolewa ikiwa na sura ya Edward VII, George V au Elizabeth II. Hakuna ya George VI. Kile kibao cha utepe, yaani kipande cha chuma kinachotaja kampeni, kinachosema NANDI 1905-06 kinakwenda na Edward VII. Kibao cha KENYA ni cha huduma ya tarehe 21 Oktoba 1952 hadi 17 Novemba 1956, wakati wa Mau Mau, na kinakwenda na Malkia Elizabeth peke yake. KENYA juu ya kichwa cha George V ni kibao kilichohamishwa. Tazama riveti zake: za asili ni safi na zimezeeka pamoja na kibao, zilizohamishwa huwa na waya mpya, gundi au risasi ya kuchomelea.

Victory Medal haikutolewa peke yake. Mwenye nayo alistahili pia British War Medal. Vivyo hivyo 1914–15 Star hufuatana na hizo mbili, na zote tatu zinapaswa kuwa na jina na namba ileile. Ikiwa nyumbani imebaki moja tu, sababu ya kawaida ni kwamba nyingine zilipotea, ziligawanywa kwa ndugu, au ile ya fedha iliyeyushwa na sonara. Waulize wajomba na mashangazi kabla ya kushuku.

Burma Star na Pacific Star hazikupewa mtu mmoja zote mbili. Aliyestahili zote alipata moja na kibao cha nyingine. Ukiziona pamoja kwenye ubao mmoja, seti imetungwa.

Dalili: beji au vifungo vinasemwa ni vya 1914, lakini vinaonekana vipya

Tazama taji. Taji ya wafalme ina matao yaliyopanda juu bila kubonyea katikati. Taji iliyoanza kutumika baada ya Malkia Elizabeth kutawala ina matao yaliyobonyea katikati, kila upande ukitoka kama bega. Beji yenye taji ya pili haikuwapo kabla ya miaka ya 1950. Beji nyepesi ya aluminiamu yenye mng'ao wa dhahabu usiochakaa nayo ni ya kipindi hicho au baadaye. Hizo si feki lazima. Muuzaji amekosea vita tu. Beji zilizogongwa upya kwa mihuri ya zamani ni ngumu zaidi, na hapo usinunue kwa picha za simu.

Dalili: Msalaba wa Chuma "uliookotwa Kisii"

Hapa sumaku hufanya kazi kinyume. Msalaba wa Chuma wa 1914, nishani ya Wajerumani, una kiini cha chuma cheusi ndani ya fremu ya fedha iliyounganishwa kwa vipande, kwa hiyo sumaku kwa kawaida hushika katikati. Usiposhikwa, au ukiwa kipande kimoja kilichopakwa rangi, shuku nakala. Mbele kuna W, taji na 1914. Nyuma, kwa ule wa daraja la pili, kuna majani ya mwaloni, FW na 1813.

Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, rupia 15 ya Wajerumani yenye tembo, nayo hutembezwa sana. Halisi ina uzito wa karibu gramu 7.17 na uzani kwa ujazo wa karibu 15. Brasi iliyopakwa dhahabu ya ukubwa uleule huwa gramu 4 hivi. Dakika moja kwenye mizani inamaliza ubishi.

Dalili: singe ina "1907", kwa hiyo ni ya 1907?

Hapana. Kwenye singe ya Kiingereza ya bunduki ya Lee-Enfield, 1907 ni mwaka wa muundo. Chini yake, kwenye sehemu bapa ya wembe karibu na mpini, kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 5 '17, pamoja na jina la kiwanda kama Wilkinson au Sanderson. Juu kuna taji na GR, herufi za Mfalme George. Upande wa pili kuna mshale mpana wa serikali, mihuri ya wakaguzi, na X ya jaribio la kukunja. Wembe una sentimita 43. Alama ya RFI ni ya kiwanda cha Ishapore, India, na nyingi za huko ni fupi.

Makosa ya kutafuta: ndoano ya chini ya mlinzi wa mkono. Singe za mwanzo zilikuwa nayo, zikaondolewa kuanzia 1913, na kwa sababu yenye ndoano ni ghali, watu huichomelea. Tafuta rangi tofauti ya chuma na mshono kwenye shingo ya ndoano. Mihuri iliyofifia chini ya kutu iache ilivyo. Futa kwa kitambaa na mafuta ya mashine ya kushonea, hakuna msasa. Singe ni silaha pia. Ikisafirishwa ifungwe ndani ya sanduku. Kuitembeza mjini bila sababu kunaweza kukuletea kesi.

Dalili: unga wa kijani

Kijani kigumu kilichotulia ni utando wa shaba, acha. Kijani laini kama grisi, karibu na ngozi au mfuko wa plastiki, hutolewa kwa kijiti cha meno, kisha badilisha mfuko. Unga mkavu wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta ni chumvi inayokula chuma. Unyevu wa ziwani huuharakisha. Tenga kitu hicho na vingine, kiweke ndani ya chombo kinachofunga pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na usijaribu dawa za nyumbani. Huo ni wa mtaalamu wa hifadhi.

Mahali pa kusimama na kumwita mjuzi

Simama kama kitu kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inakihesabu kama kale, na kukifanyia biashara au kukitoa nchini kunahitaji leseni na kibali. Kitu cha baadaye kinaweza pia kutangazwa kuwa cha kulindwa. Ulizia Makumbusho ya Kisumu, ya Kitale, au Hyrax Hill pale Nakuru kabla ya kutuma kitu ng'ambo. Watakueleza sheria na utunzaji. Usitarajie wakutajie bei.

Simama kama medali ni ya marehemu na ndugu hawajakubaliana. Ni sehemu ya mirathi, na mnunuzi mwangalifu ataulizia idhini.

Simama kama vipimo vinapingana: jina limegongwa vizuri lakini kipenyo ni kidogo, au fedha ni sahihi lakini picha ina vishimo. Hapo kuna ulaghai wa ustadi, na jicho la mtu aliyeshika mamia linahitajika. Mtumie picha zinazofaa: mbele na nyuma kwenye kitambaa cha kijivu, rula ikiwa pembeni ndani ya fremu, ukingo kwa picha nne za robo robo, mwanga wa dirishani bila flashi. Ambatisha vipimo vyako sita vya kipenyo, gramu za hewani na za majini, na kila karatasi ya familia, mbele na nyuma. Medali yenyewe ibaki nyumbani hadi mjuzi huyo aeleze kwa maandishi ataipokea vipi na atairudisha lini.